Kopa Tatu za Mwalimu Clementi

Kwenye meza ya Dorotea, pale Nyasho, kila anayeweka karata huitaja kwa sauti. Haikuwa hivyo zamani, marehemu mumewe Nathan alipokuwa akiwafundisha mchezo wa briji. Ilianza mwaka juzi, macho ya Mwalimu Clementi yalipofifia. Hakuna aliyetangaza. Siku moja Siwema aliweka karata akasema, "Pau saba," na wengine wakafuata, kana kwamba ndivyo walivyocheza siku zote.

Jumamosi hiyo Clementi alitoka Butiama kwa basi la asubuhi. Salum na mkewe Siwema, wauza vitenge wa Bunda, wakafika saa nzima baada yake, na mkate wa kumimina. Chai haijapoa, Clementi akasema, "Jumamosi tatu nimemharibia Mama Lilian. Nikiharibu na leo, wiki ijayo msiniwekee kiti. Nitakaa na kuku wangu."

"Kuku wenyewe unawaona?" Salum akamtania.

"Nawasikia."

Walicheka. Lakini Dorotea, ambaye ndiye Mama Lilian na anayecheza upande mmoja na Clementi, alimwona akifuta miwani isiyo na vumbi. Alijua hatanii. Tangu mkewe afariki, Clementi hakuwa na safari nyingine ila hii.

Walicheza mpaka alasiri, wakawa sawa kwa sawa. Ukabaki mgao mmoja. Siwema, aliyekaa kuliani kwa Dorotea, akaanza kwa kutaja shupaza. Dorotea akataja kopa. Salum akapita bila kutaja kitu. Clementi akapandisha bila kusita: kopa nne. Maana yake kopa ndiyo turufu, na Dorotea lazima ale mizunguko kumi kati ya kumi na mitatu, akicheza karata zake na za Clementi, ambazo hulazwa wazi mezani.

Clementi akazilaza. "Kopa tano hizo," akasema.

Zilikuwa tatu. Mbili zilikuwa uru, amezichomeka katikati. Salum akanyoosha kidole, akazisogeza upande wa uru polepole.

"Mwalimu!" Siwema akacheka. "Umepanda uru kwenye shamba la kopa!"

Clementi akainamisha uso mpaka karibu na meza. "Zote nyekundu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Basi." Akaweka mikono magotini.

 Dorotea akacheza bila haraka, karata moja baada ya nyingine, sauti nne zikitaja. Baada ya mizunguko kumi alikuwa amekula minane na kupoteza miwili. Kila mtu amebakiwa na karata tatu, na yeye anahitaji miwili zaidi.

Mezani, kwa Clementi, kulikuwa na malkia wa uru na ree yake, iliyo juu hata ya mfalme, na shupaza ndogo. Dorotea mwenyewe alishika uru mbili ndogo na shupaza sita. Mfalme wa uru hajaonekana. Nathan angemtega palepale: angecheza uru ndogo, angemtoa malkia, akiomba mfalme awe kwa Salum, ambaye hucheza kabla ya malkia. Akiwa kwa Siwema, malkia analiwa, na Siwema akiwa na shupaza kubwa mkononi, mambo yamekwisha.

Dorotea akafumba macho kidogo. Karata zilizopita zilikuwa bado masikioni mwake. Pau zilishatajwa zote kumi na tatu, na kopa vilevile. Na Salum, mapema kabisa, alisema, "Shupaza sina, natupa pau nne." Katika shupaza, ukiacha yake na ya mezani, ni mfalme tu ambaye hakuna aliyemtaja. Basi yuko kwa Siwema, na karata zake nyingine mbili haziwezi kuwa kitu kingine ila uru.

Akafumbua macho. "Shupaza sita."

"Shemeji," Salum akashangaa, "unagawa mzunguko bure?" Akatupa uru ndogo. Clementi akatoa shupaza ya mezani.

"Nani akatae vya bure? Mfalme wa shupaza!" Siwema akala. Halafu akatazama karata zake mbili, zote uru: aliyekula ndiye anayeanzisha, na ree na malkia wa mezani watacheza mwisho. Kicheko kikamwisha. "Ah, Mama Lilian. Umenikaribisha chakula, halafu umefunga mlango."

"Cheza, bibi wee."

"Uru nne."

"Uru tano," akasema Dorotea.

"Uru kumi," akasema Salum.

"Mwalimu, nipe malkia."

Clementi akazipapasa karata mbili zilizobaki mbele yake, akainua moja karibu na miwani, akaigeuza kwenye mwanga. "Malkia wa uru."

Hakuna wa kumla. Ree ikafuata, na mfalme wa Siwema akaanguka chini yake. Kumi.

"Mfalme nilikuwa naye mimi," Siwema akasema, "na hajanisaidia kitu!"

"Lakini nilikosea," Clementi akasema.

"Ulikosea," Dorotea akajibu. "Ila bila karata kutajwa kwa ajili yako, mimi nisingemjua mwenye shupaza."

 Siwema alikuwa ameshatoa kalamu nene ya wino mweusi kwenye pochi, ile ya kuandikia bei. Akachambua uru zote, akaanza kuzizungushia alama zake wino, moja moja.

"Unachafua karata za marehemu?"

"Nazitia wanja, Mwalimu. Soma hii."

Clementi akaichukua, akaisogeza mbali na uso, mkono ukanyooka.

"Uru mbili," akasema. Kisha akamgeukia Salum. "Jumamosi msichelewe tena. Leo nimewasubiri saa nzima."