Mume Wetu wa Darajani

Mpangaji wangu ana miaka ishirini na tisa, lakini Kiswahili chake kina miaka sabini na moja. Kosa ni langu. Alipokuja kupanga chumba changu cha uani, na begi lake la spana na pikipiki yake nyekundu, alikuwa anajua maneno matatu tu: asante, maji, na friji. Hayo mengine yote ameyazoa kwangu, jioni baada ya jioni, tukichambua mboga barazani. Nami sikumchagulia. Alizoa nafaka pamoja na makapi yake.

Ndiyo maana akishuka kwenye pikipiki husema, "Eeh, magoti haya jamani." Akiinama kuokota spana huuliza mgongo wake amekosa nini. Ni binti aliyetoka nchi ya mbali, na kazi yake ni kutengeneza mafriji ya chanjo katika zahanati za wilaya nzima. Watu wamempa jina la Fundi Baridi. Ili afike kwenye nusu ya zahanati hizo lazima avuke daraja, na mbele ya daraja pana kizuizi cha polisi.

Miezi ya kwanza alikuwa akirudi amenuna. Malori yanapita, mikokoteni inapita, yeye anapungiwa mkono asimame. Leseni. Kadi ya pikipiki. Bima. Kibali cha ukaazi. Washa indiketa, piga honi, geuza tuone namba ya nyuma. Nikamtegea kitendawili: nina ndugu wanne wa karatasi, mmoja akibaki nyumbani hao watatu wote hawanijui. Aliwaza mpaka mboga zikaisha kuchambuliwa, kisha akaenda chumbani akarudi na karatasi zake nne. Tangu siku ile anazivaa shingoni kwenye mfuko wa plastiki.

Pana koplo mmoja hapo darajani, mtu wa maneno mengi. Siku moja alimwambia, "Leo jua kali, fundi. Hata maji ya kunywa hakuna?" Fundi Baridi akafungua sanduku lake la barafu, akampa chupa ya maji. Koplo akaitazama chupa, akamtazama aliyempa, akanywa. Niliposimuliwa nilicheka mpaka nikashika ukuta, nikadhani mambo ya darajani yamekwisha.

Jumanne moja akarudi bila leseni.

"Bibi, Sajenti wa darajani ameichukua. Anasema picha si yangu."

Kwenye picha ana nywele za kufika mabegani. Siku hizi kazikata kabisa, kwa sababu ya joto la kofia.

"Sasa anatakaje?"

"Nimlete mwenye nyumba wangu, aseme kwamba mimi ni mimi. Bila hivyo sivuki."

Nikamwambia tutakwenda Jumamosi, nina nguo za kufua. Lakini Jumatano saa tatu asubuhi simu yake ikalia. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya ng'ambo. Friji lao limezimika tangu alfajiri, chanjo wamezizungushia barafu, na barafu yenyewe haitadumu mpaka saa nane. Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Akina mama wameshaitwa, wengine wanatoka mbali na watoto mgongoni. Chanjo zikipata joto zinamwagwa zote.

Daraja jingine hakuna. Nikaacha nguo kwenye beseni.

Nilivaa suruali ya marehemu mume wangu, nikafunga kanga juu yake, nikapanda pikipiki miguu huku na huku. Fundi Baridi akanivisha kofia ngumu ya akiba. Nikamtegea njiani, nikimpigia kelele sikioni: nina nyumba isiyo na sakafu, mpangaji wake huingia kwa kichwa. Akapiga kofi kofia yake. Siku hizi hanipi shida.

Kizuizi chenyewe ni mapipa mawili, ubao wa misumari katikati, na benchi chini ya turubai. Sajenti alikuwa amesimama, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, masharubu yamepunguzwa kwa mstari. Fundi Baridi akazima pikipiki, akavua kofia, akainamisha kichwa kwa adabu yake yote.

"Marahaba, mume wangu," akamwambia. "Eeh, magoti haya."

Koplo akageukia mtoni, mabega yanamtikisika. Sajenti akafumba macho. Mimi nikashuka nusura nidondoke.

"Umemwitaje?" nikamnong'oneza.

"Si ndivyo unavyosema wewe, Bibi? Kwa yule mchomeleaji. Mume wangu, umekula? Mume wangu, mbona umekonda?"

Yule mchomeleaji ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Hupita kila Ijumaa kunisalimu.

"Na marahaba?"

"Kila mtu akija nyumbani, wewe unasema marahaba."

Ni kweli. Watu wote wanaokuja kwangu ni wadogo kwangu, wanatoa shikamoo, mimi naitikia. Yeye alisikia jibu, akadhani ndiyo salamu. Miezi minane huyu mtoto amekuwa akiwaitikia watu shikamoo ambazo hawajatoa, na amekuwa na mume darajani. Nami nilipomsikia akisema hivyo kwangu nilidhani ananitania.

Sajenti akanisogelea. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimeletwa kusema kwamba huyu ni yeye. Ni yeye. Tupe leseni twende, kuna chanjo zinaharibika ng'ambo."

"Haraka ya nini, mama. Kwanza niandike."

Akafungua daftari. Akaandika jina langu, umri wangu sabini na moja, nyumba yangu ina vyumba vingapi, mpangaji aliingia mwezi gani. Aliandika polepole kama anachora. Leseni ilikuwa ndani ya daftari hilo hilo, lakini picha hakuitazama hata mara moja. Kila baada ya neno alikuwa anatazama barabara ya mjini, kisha saa yake. Ikafika saa tano na nusu.

"Umemaliza?"

"Subirini kidogo."

Fundi Baridi alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la spana, anahesabu kwa vidole saa zilizobaki za barafu. Nikamfuata Koplo kwenye kivuli.

"Huyu mkubwa wako anangoja nini?"

"Chakula cha mchana, mama. Kinaletwa na mkewe."

"Na chakula chake sisi kinatuhusu nini?"

Koplo akajikuna shingo. "Wiki ya pili hii anakula wali mkavu. Mchuzi umekatwa. Mkewe amesikia kuna mwanamke wa pikipiki nyekundu, mgeni, kila siku anamwita mume wangu hadharani."

"Amesikia kwa nani?"

Koplo akatazama viatu vyake. "Mimi nilikuwa natania tu."

Nikarudi kwa Sajenti. "Baba, kumbe picha haina kosa."

Masharubu yakamcheza. "Haina, mama. Leseni nilikosea kuichukua, najua. Lakini nimemwambia mke wangu kwamba ni lugha tu, akaniuliza lugha gani hiyo inayoitana mume na mke barabarani. Nikaona bora nimlete aliyemfundisha, waonane hapa hapa."

"Chanjo hazisubiri mambo ya nyumbani kwako."

"Anakuja sasa hivi. Anashona pale sokoni, hachelewi."

Alichelewa. Ilikuwa saa sita na robo tulipomwona anakuja, mwanamke mfupi, futi ya kushonea bado iko shingoni, chombo cha chakula kimefungwa kwenye kitambaa. Aliiona pikipiki nyekundu kabla hajatuona sisi. Akapunguza mwendo. Fundi Baridi akasimama, akafungua mdomo, nikamfinya.

Nikaenda mimi mbele, na suruali yangu ya kiume na kofia ngumu kichwani.

"Mke mwenzangu, leo umechelewa. Mume wetu njaa inamuuma."

Akasimama pale pale. Akanitazama kuanzia kofia mpaka kandambili.

"Wewe ni nani?"

"Kitendawili."

Nilimwona anataka kunipita. Lakini mtu aliyelelewa na vitendawili hawezi kuacha kimoja kinaning'inia, ni kama kuacha chungu kinachemka.

"Tega," akasema kwa hasira.

"Nina mume sikuolewa naye, nina mke mwenza sigombani naye."

Akaondoa macho kwangu akayapeleka kwa mumewe, kwa Fundi Baridi, akayarudisha kwenye mvi zilizochungulia chini ya kofia yangu. Uso ukaanza kulegea upande mmoja.

"Bibi," akasema. "Ni bibi. Bibi yangu alikuwa anawaita kaka zangu wote waume zake. Siku ya harusi ya kaka alimwambia wifi yangu, karibu mke mwenzangu, lakini ujue katikati nalala mimi."

"Basi huyu mgeni ni mpangaji wangu. Kiswahili amekiokota kwangu. Mimi namwita mjukuu wangu mume, yeye kambeba mume mzima mzima kaja naye darajani."

Fundi Baridi alikuwa ameshindwa kuvumilia. Akaja, akaushika mkono wa yule mama kwa mikono miwili.

"Marahaba, mke mwenzangu. Eeh, magoti haya."

Yule mama alicheka mpaka ikabidi akalie pipa la polisi. Akifuta macho anatazama pikipiki, anaanza tena. Alipopata pumzi akamgeukia mumewe.

"Wiki mbili umeshindwa kusema neno bibi?"

"Sikujua mwenyewe," Sajenti akasema.

"Kesho nitaleta na mchuzi."

"Na leo?"

"Leo kula hivyo hivyo. Na huyu Koplo asionjeshwe."

Leseni ikatoka kwenye daftari, imekunjamana pembe moja, na Sajenti akaomba radhi kwa sauti ya kusikika. Koplo akavuta ubao wa misumari mwenyewe, mbio mbio. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini. Mpangaji wangu aliendesha namna ambayo sitaieleza hapa, kwa sababu Sajenti anajua kusoma.

Muuguzi alikuwa mlangoni. Ndani ya boksi la chanjo barafu ilikuwa imebaki vipande kama sabuni iliyotumika. Fundi Baridi akalala kifudifudi nyuma ya friji, tochi mdomoni, akatoa waya uliotafunwa na panya, akauonyesha kama mtu aliyeng'oa jino. Dakika kumi tu. Friji likaguna kama mzee akiinuka kitini, likaanza kazi. Tukakaa sakafuni watatu tukikitazama kipimajoto kinavyoshuka. Muuguzi akahesabu chupa za chanjo moja moja akizirudisha ndani. Hakumwaga hata moja.

Saa kumi tulipokuwa tunarudi, tukauona mkono wa Sajenti umenyooshwa katikati ya barabara. Fundi Baridi akasimama, akashusha pumzi, akaanza kuvuta mfuko wake wa karatasi.

"Hizo ziache," Sajenti akasema. "Kitendawili."

Mpangaji wangu akanitazama, akamtazama. "Tega."

"Akinyamaza ana miaka ishirini na tisa, akifungua mdomo ana sabini na moja."

Akafikiri. Akakuna kichwa kisicho na nywele. Lori likapiga honi nyuma yetu, Koplo akalizungusha pembeni. Mimi nilijua, nikajikaza nisiseme.

"Nimeshindwa," akasema.

"Nipe mji."

"Nakupa daraja lako."

"Nimekwenda darajani, nimekuta mapipa, nimekuta benchi, nimekula wali na kesho nitaula na mchuzi. Jibu ni wewe."

Kisha akaanza kucheka, kicheko changu kabisa, kile cha kushika mbavu.

"Mume wangu," akamwambia, "hapo umenipata."

Sajenti hakufumba macho safari hii. Akatupisha. Tulipokuwa tunaondoka akaninyooshea kidole.

"Na wewe Bibi, funga mkanda wa kofia."

Nikaufunga.