Disketi ya Saba

Mwaka mzima nilimgombeza papa Télesphore wa Yangambi kwa kosa moja tu: hasikii. Nikimtumia toleo jipya la programu, analifungia kabatini. Nikimwandikia barua, ananijibu kwamba kompyuta yake inatembea vizuri na yeye haoni sababu ya kuigusa. Lakini Juni ile ya mwaka 2000, nikiwa ndani ya pirogi, mtumbwi wa mtoni, nimeshikilia tumbo, nilimwomba Mungu mzee yule awe amenipuuza tena.

Kazi yangu ilikuwa kutunza kompyuta za ofisi yetu ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi vitani. Zilikuwa mbili, moja hapa Kisangani na moja Yangambi kwa papa Télesphore. Zote zilitumia Linux, mfumo wa bure ambao watu wa nchi nyingi huutengeneza pamoja na kugawiana. Programu zake huja katika vifurushi, na kila kifurushi kina watu wanaokirekebisha na kutoa toleo jipya. Kwingine watu walivivuta kwa laini ya simu. Sisi simu zilikuwa zimekufa, kwa hiyo vifurushi vyetu vilikuja kama sabuni na chumvi zinavyokuja: kwa ndege ndogo ya mizigo kutoka Butembo, katikati ya bidhaa za kaka yangu Isaïe.

Orodha ya watoto ilikaa ndani ya programu moja. Jina la mtoto, mahali alipookotwa, familia iliyompokea, mtaa wao, yaani quartier. Watoto mia nne na kumi na wawili. Programu hiyo ilibana faili kwa namna yake yenyewe, na bila yake ungeona alama tupu zisizosomeka. Toleo tulilokuwa nalo lilikuwa na ugonjwa: majina yakifika mia tano, lingejifunga na kuharibu yote. Kwa jinsi watoto walivyokuwa wakiletwa, tungefika huko kabla ya Noeli. Ndiyo maana niliagiza jipya, na sijutii kuagiza. Najutia mengine.

Mwezi wa tano Isaïe alileta disketi tisa. Rafiki yake wa Butembo alikuwa amekikata kifurushi vipande tisa, kwa sababu disketi moja haibebi kitu. Nilizihesabu mezani: tisa, kila moja na namba yake. Nikazinakili moja moja bila kutazama kilichomo, nikampelekea papa Télesphore nakala pamoja na barua niliyoiandika kwa wino mwekundu. Nilimwambia diski ni ndogo, atoe kwanza programu ya zamani na kila kitu chake, ndipo aweke mpya. Nikaongeza kwamba safari hii akikataa nitakuja mwenyewe, na ataona.

Jumapili tarehe nne Juni nilipakia kompyuta ya ofisi kwenye toleka, baiskeli ya kukodi, nikaipeleka nyumbani Kabondo ili nifanye kazi kwa utulivu. Nilitoa ya zamani. Disketi ya kwanza ikaingia, ya pili, mpaka ya sita. Ya saba ilikuwa tupu. Haikuwa imeharibika, ilikuwa tupu kabisa, kama ilivyotoka dukani.

Kesho yake asubuhi majeshi mawili ya kigeni yalianza kupigana juu ya vichwa vyetu. Siku sita tulilala chini ya vitanda, kompyuta nimeizungushia godoro langu. Mabomu siyaelezi. Tulipotoka nje, ofisi ilikuwa imeungua na fomu zote za karatasi, pamoja na CD yenye toleo la zamani.

Isaïe alikuwa amenaswa mjini pamoja nasi. Nilimwonyesha ile disketi.

“Ah, ile,” akasema bila wasiwasi. “Soldat mmoja wa aéroport alikamata moja, eti iko secret. Bon, mi sijafikishaka muzigo yenye kupunguka hata siku moja. Nikanunua ingine, nikaandika saba. Hesabu ilikuwa tisa, ama?”

Alisema hivyo kwa fahari! Nilimpiga kofi, kaka yangu mkubwa, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Halafu nililia, maana na mimi nilihesabu tisa nikaridhika. Ningeichungulia kila moja kabla ya kufuta chochote, ningeona. Dakika kumi tu.

Ndege za Butembo zilikuwa zimekoma. Siku ya tatu baada ya vita akaja mama Euphrasie, mwanamke wa mtoni kutoka Yanonge. Mwaka uliopita, mwezi wa nane, risasi zilimtenganisha sokoni na binti yake Plamedie wa miaka minne. Alikuwa na kikaratasi cha parokia kwamba mtoto wa jina hilo aliandikishwa kwetu. Nilimkumbuka. Nilikumbuka vidole vyangu vikiandika Plamedie, mpaka nikatabasamu kwa jina zuri. Familia iliyompokea sikuikumbuka, wala mtaa. Na kila siku watu walikuwa wanahama, wengine kuelekea Masako, wengine popote njia inapokwenda. Kila siku ile orodha ilizidi kuwa ya watu ambao hawapo.

“Mutoto yangu iko ndani ya ile machine?” akauliza.

“Iko ndani, mama.”

“Alors, fungula.”

Nilimweleza. Nilimwambia pia kwamba imebaki mashine moja tu inayoweza kuifungua orodha, iko Yangambi, kama mzee wa huko bado ana toleo la zamani. Hakupiga kelele. Alikunja kikaratasi chake, akasema, “Ndugu yangu iko na pirogue. Twende.”

Siku mbili majini. Vizuizi vitatu vya askari. Disketi yenye nakala ya orodha nilikuwa nimeifunga tumboni kwa kitambaa, chini ya nguo, na kila askari aliponitazama nilihisi inaniunguza. Tulikula chikwangue kavu, mkate wa muhogo. Mama Euphrasie aliniuliza swali lilelile asubuhi na jioni.

“Ule papa, anaweza kusikia mutu?”

“Hapana, mama. Ule ni kichwa nguvu. Hasikiaka mutu.”

“Mungu asifiwe,” anasema, anarudi kwenye kasia lake.

Papa Télesphore alitupokea mlangoni, shati limepigwa pasi, anacheka. Kabla sijamsalimu vizuri alikwisha kuwasha jenereta. Moyo wangu ulijua. Mzee yule hakuwahi kunichekea hata mara moja.

“Mama Kaswera, safari hii utafurahi na mimi,” akasema. “Angalia.”

Ukutani, juu ya kompyuta, alikuwa amebandika barua yangu yenye wino mwekundu.

“Ulitoa ya zamani?”

“Nilitoa yote, vile uliandika. Nikaweka mupya mpaka ya sita. Ya saba ikakatala. Donc nikasema ningoje wewe.”

“Na CD ya zamani, papa?”

“Ile uliniomba mwezi wa pili, mama. Nilikutumiaka.”

Kweli nilimwomba. Nilisema hana kazi nayo. Iliungua pamoja na yetu, kabati moja.

Niliketi. Papa Télesphore alinitazama usoni, kicheko kikamtoka taratibu, akaanza kukunja na kukunjua mikono ya shati lake. Nilitaka kumfokea. Nilimtafutia kosa, sikulipata. Mwaka mzima nilimtaka mtu anayesikia, naye ndiye huyo amesimama mbele yangu.

Mama Euphrasie hakuwa ameelewa maneno yetu ya disketi na CD. Aliona tu mashine inawaka. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya kioo, akakifuta vumbi kwa ncha ya kitenge chake, akakunja mikono mapajani kama mtu aliyefika misa mapema.

“Bon,” akasema. “Mi niko tayari. Nisomee tu quartier yake.”