Mlio wa Ngoma ya Breki

Kwenye gereji ile spea haikufungwa kabla Masikio hajaigonga. Ndivyo walivyomwita, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa akiitundika ngoma ya breki kwenye kamba, akaigonga kwa nyundo ndogo, akafumba macho. Ikilia kwa muda mrefu, nzima. Ikikata ghafla, ina ufa, hata kama muuzaji ameipaka rangi ikang'aa. Watu walivuka mji mzima kumletea vyuma vya magari ambayo viwanda vilishayasahau.

Siku hizi alikuwa hoi. Magoti yalimgomea, mgongo ulimgomea, na mwaka wa pili huu ule mlio mwembamba wa chuma hakuusikia tena. Maneno ya watu aliyasikia. Mlio, hata kidogo. Hakumwambia mtu. Aseme nini, kwamba Masikio hana masikio? Wangecheka mpaka wakae chini. Akajitafutia njia: akigonga, alimsimamisha binti yake, fundi mwenzake, upande wa pili wa kamba, na macho aliyafumba nusu tu ili amwone usoni. Binti akikunja uso, spea mbovu. Kazi ilikwenda, ingawa aibu ilimla.

Leo binti alikuwa chini ya gari. Gari lenyewe lilikuwa la muuguzi mstaafu, aliloachiwa na marehemu mumewe, nalo lilikuwa limelala bandani miaka kumi na minne. Jumamosi alitaka kuliendesha mwenyewe, dada yake pembeni, barabara ya mlimani. Alikuwa ameleta ngoma tatu kwenye mfuko, zichaguliwe mbili.

"Nimezisaka miezi minane, fundi," alisema. "Niambie ni nzima, nikapumzike."

Masikio akatundika ya kwanza, akagonga. Kimya. Akatundika ya pili. Kimya kilekile. Akapitisha kidole ndani yake, akakuta rangi tupu. Chini ya gari aliona viatu vya binti tu.

"Vipi?" muuguzi akauliza.

Neno "nzima" lilikuwa limeshafika mdomoni. Kisha akamwaza mama huyu kwenye mteremko, anakanyaga breki, gari halisimami. Uchovu ukamshukia wote kwa mpigo. Hakuchoshwa na kazi, alichoshwa na kujifanya.

"Mama, sisikii kitu," akasema. "Tangu mwaka juzi sisikii."

Binti akajiburuta kutoka chini ya gari, grisi mpaka kwenye nyusi.

"Ya pili ina ufa," akasema. "Na mimi, baba, najua siku nyingi. Unadhani mtu mzima anakunjia chuma uso vile kwa kupenda?"

Masikio akataka kucheka, kicheko kikagoma. Muda wote huo alidhani anaiba jibu usoni mwa binti, kumbe alikuwa anapewa. Akaketi juu ya tairi. Alijisikia mwepesi, na alijisikia vibaya, vyote pamoja.

Binti akaikwangua ile ngoma kwa msasa mpaka rangi ikatoka. Ufa ukaonekana, mrefu kama kidole. Muuguzi akautazama, akashusha pumzi, akatoa ngoma ya tatu mfukoni.

"Fundi," akaita, "na hii je?"

Masikio akanyoosha mikono kuipokea. Mama yule alikuwa akimtazama binti.