Posa Juu ya Lami

Mzee Rugamba aliamini kwamba anayekuja kuomba binti hafunguliwi mlango mara moja. Mwache asimame kidogo, ajue kwamba alichokuja kukitaka hakiokotwi. Ndivyo alivyofundishwa na wazee wake walipokuwa ukimbizini Karagwe, na ndivyo alivyofanya Jumapili ile pale mtaani Nyamirambo, Kigali, siku ya mwisho ya mashindano ya baiskeli, wakati kila mwenye akili alikuwa anakimbilia upande wake wa barabara kabla haijafungwa.

Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa binti. Umulisa hakuwa damu yake. Alikuwa mtoto wa jirani yake Pudentienne, mjane. Lakini Rugamba ndiye aliyemfundisha kusoma saa, na ndiye aliyembebea sanduku siku ya kwanza ya chuo. Sasa binti alikuwa amempata Dominic, kijana wa Bukoba aliyefanya kazi Kigali katika kampuni ya kusafirisha mizigo. Jumanne Dominic alikuwa anahamishiwa Mwanza kwa mwaka mzima. Posa ilitakiwa ipite kabla hajaondoka, ili binti amfuate baadaye.

Asubuhi msafara wa Dominic ulijipanga ng'ambo ya barabara, upande wa juu wa mteremko, mbele ya duka la ushonaji la Bi Raihana: wanaume mbele, wawili wawili, tai za rangi moja, na wanawake nyuma na vikapu vichwani. Kama adabu inavyotaka, wakasubiri kuitwa.

"Waite, mzee," Pudentienne alinong'ona. "Barabara inafungwa sasa hivi."

"Wasimame kidogo, mama. Hatuuzi nyanya."

Akarekebisha kofia. Akamalizia chai yake. Alipotoka kuwaita, polisi walikuwa wamekwisha kuvuta uzio pande zote mbili, na lami katikati ilikuwa tupu kama sahani iliyolambwa.

Habari ikarudi uani kwa Pudentienne kabla ya Rugamba. Ndayisaba, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Umulisa, alikuwa ameketi chini ya turubai. Alitoka Nyagatare, anakofuga ng'ombe, na tangu mwanzo hakupenda binti wa ukoo wao avuke mpaka. Lakini bila neno lake hakuna posa.

"Barabara imetujibia," alisema. "Mimi jioni narudi kwangu. Mwakani huyo kijana akirudi, tutaongea."

Wote waliijua mwakani ya Ndayisaba. Ndiko alikopeleka kila asichokitaka, na hakuna kilichowahi kurudi kutoka huko.

Pudentienne hakumlaumu mtu. Alifunika sufuria ya pilau na kuketi. Ni Umulisa aliyetoka mlangoni, tayari amevaa mshanana wake, vazi la sherehe.

"Mzee wangu, ni kweli uliwasimamisha?"

"Kidogo tu, mwanangu."

"Kidogo kwa saa ya nani?"

Rugamba aligeuka, akapanda hadi kwenye uzio. Polisi aliyesimama pale alikuwa msichana mwenye uso wa kitoto na viatu vinavyong'aa.

"Afande, mwanangu, nina wageni pale ng'ambo."

"Nawaona, mzee. Wamependeza."

"Basi wavuke. Ni hatua chache."

"Hata mama yangu mzazi hawezi kuvuka hapa mpaka jioni."

"Na kuongea? Kumekatazwa?"

Msichana alifikiri. "Kuongea hakuna aliyekataza. Ila mkono usipite uzio."

Hapo ndipo Rugamba aliposikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia mahali pale: kimya. Hakukuwa na pikipiki wala basi wala honi. Ng'ambo mtoto alikohoa, naye akamsikia kama yuko chumba cha pili. Miaka yote watu wa chini na watu wa juu walikuwa wametenganishwa na kelele kuliko na lami.

Akarudi uani, akachukua fimbo yake na kiti.

"Bwana Ndayisaba, beba kiti. Wageni hupokelewa langoni, na leo lango letu limesogea."

"Watu watatucheka."

"Wacheke wakiwa wamealikwa."

Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili kungoja baiskeli. Rugamba alipoweka kiti kwenye uzio na kukohoa kile kikohozi cha wasemaji, walio karibu walinyamaza, kisha walio mbali.

"Nyie watu mliovaa vizuri hivyo," alipaza sauti, kana kwamba hawajui, "mnangoja basi? Leo hakuna basi."

Msemaji wa upande wa pili alikuwa mzee Tito, mjomba wa Dominic, mtu mfupi mwenye sauti ya pipa. Jua lilikuwa limemchoma na hasira zilikuwa bado hazijapoa.

"Tunangoja wewe umalize chai," alijibu.

Upande wa juu ukalipuka kwa kicheko. Rugamba aliinama kidogo, kama mtu aliyepokea haki yake.

"Nimemaliza, na haikuwa na sukari. Semeni shida yenu."

Tito akasema. Walipita njiani, wakaona ua katika boma hili, na kijana wao tangu hapo halali. Aliyasema kwa mpangilio, mwanzo hadi mwisho, na watu wa chini wakaanza kuguna kwa kuridhika. Lakini msemaji wa binti hakubali upesi, na Rugamba alikuwa na jambo lake la zamani.

"Maneno mazuri. Ila nawaona mmesimama na watu wa huko juu. Hao tunawafahamu. Kila masika wanatuletea maji uani kwetu, bila posa wala mshenga."

Upande wa chini ukapiga makofi. Ilikuwa kweli: maji ya mapaa ya juu yalikatiza barabara na kuishia kwa Rugamba na Pudentienne. Yeye na Bi Raihana walikuwa hawajasemezana kwa sababu hiyo muda mrefu, ila kupitia kwa mkuu wa mtaa. Tito, ambaye hakujua chochote kuhusu maji, akageuka kuwauliza waliokuwa nyuma yake.

Bi Raihana akatoka dukani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Mzee Rugamba, hayo maji ndiyo washenga wenyewe. Miaka yote yanakupigia hodi, leo ndiyo unatoka."

Hata polisi aliuma mdomo asicheke. Ulimi wa Rugamba ulitaka kwenda kwenye ugomvi, njia uliyoizoea. Akaushika.

"Dada, wewe umeingiaje? Wewe ni nani wa hawa watu?"

"Wamesimama mlangoni kwangu tangu asubuhi, wamekunywa maji yangu. Leo mimi ni shangazi wa bwana harusi."

"Basi shangazi anisaidie. Huyu binti akija kumsalimia mama yake wakati wa masika, alale wapi, juu ya maji?"

Bi Raihana alivuta futi yake mara mbili. Nyuma yake majirani zake walikuwa wanamtazama.

"Umuganda ujao," alisema, akimaanisha ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, "sisi wa juu tunachimba mtaro upande wetu. Nimesema. Sasa mpeni kijana jibu."

Ving'ora vikalia. Pikipiki za polisi zikapita, kisha waendesha baiskeli, mlio kama wa mvua inayokuja na upepo uliopeperusha kanzu. Pande zote zikashangilia hadi wa mwisho, kijana aliyebaki peke yake, mdomo wazi.

Kimya kiliporudi, Rugamba alisema, "Mimi ni mdomo tu. Mwenye neno ni huyu hapa, baba mkubwa wa binti. Yeye anasema mje mwakani."

Tito alinyoosha kidole kule baiskeli zilikokwenda. "Wale wanazunguka mlima huohuo siku nzima, na sijasikia mtu anawaambia warudi mwakani."

Ndayisaba akasimama. Hakuwa amecheka hata mara moja.

"Mdogo wangu alifia safarini," alisema, na hakupaza sauti, lakini ng'ambo walimsikia. "Alikwenda kufanya biashara, akaugua, akazikwa na watu wasiojua jina la baba yake. Sisi tulipata habari baadaye. Huyu ni mtoto wake. Akiumwa huko Mwanza, nani atanipigia simu?"

Tito alifungua mdomo, na ilionekana maneno yaliyopambwa yanakuja. Lakini Dominic alimtangulia, ingawa siku ya posa kijana hana ruhusa ya kusema.

"Mimi, baba mkubwa. Nisipoweza, mama yangu huyu."

Mwanamke wa kitenge cha njano alijipenyeza mpaka kwenye uzio, simu mkononi.

"Nipe namba yako, shemeji."

Ndayisaba alisita. Kisha akaanza kuitaja, tarakimu moja moja, na watu waliosimama kwenye uzio wakarudia kila moja ili isipotee. Nusu ya mtaa iliiandika. Simu ikalia mfukoni mwake.

"Haloo?"

"Ni mimi hapa, mama Dominic. Unaniona?"

"Nakuona," alisema Ndayisaba kwenye simu, akimtazama.

Waliongea hivyo, macho kwa macho na simu sikioni, na Rugamba hakusikia walichosema kwa sababu kwa mara ya kwanza siku ile watu walikuwa na adabu ya kupiga soga zao. Pudentienne alikuwa amepanda hadi kwenye uzio, ameshika mkono wa binti yake. Bi Raihana aliwatolea wageni mabenchi. Ndayisaba alifunika simu kwa kiganja na kumgeukia Rugamba.

"Waambie mtoto tumewapa."

"Niwaambie hivyo hivyo tu? Bila kuwazungusha?"

"Waambie, bwana, mimi naongea."

Rugamba alisimama akawaambia, kwa maneno mengi kuliko aliyotumwa. Vigelegele vikatoka juu na chini, na Umulisa akasogea kwenye uzio kuwapungia wakwe zake. Kando yao Ndayisaba alikuwa ameziba sikio moja kwa kidole, ameipa barabara mgongo, na anauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikika:

"Na ukifika mpakani Rusumo, unabadilisha basi, au hilohilo linaendelea?"