Neno Lililobaki kwa Mzee Patasi

Kiharusi kilimkuta Mzee Patasi asubuhi, nyundo mkononi, mbele ya jiwe la kaburi la mwalimu mstaafu ambalo alikuwa amelichonga nusu ya jina. Aliporudi nyumbani baada ya wiki tatu za hospitali, mkono wa kulia ulikuwa umelala ubavuni kama wa kuazima, mdomo umekwenda upande, na katika maneno yote aliyowahi kuyasema tangu azaliwe, kinywani lilikuwa limebaki moja tu.

"Andika," alimwambia binti yake mdogo aliyekuwa akimsaidia kushuka kwenye teksi.

"Niandike nini, Baba?"

"Andika."

Binti huyo watu walimwita Vumbi. Jina alipewa na baba yake tangu utotoni, maana hakuna siku aliyotoka karakana nyusi zake zikiwa nyeusi. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mbili, na kwa miaka kumi na minne ndiye aliyekuwa akipima jiwe, akichora herufi kwa penseli, akilisugua kwa msasa likang'aa na kupaka rangi ndani ya maandishi. Kuchonga kwenyewe kulikuwa kwa baba, na patasi zake hazikuguswa na mtu.

Kilichomchanganya Vumbi tangu siku ile ya kwanza ni kwamba neno hilo baba yake alikuwa halitaki hata kulisikia. Mteja akiingia karakana akasema anataka kuandikiwa jiwe, Mzee Patasi alimsahihisha kabla hajamkaribisha kiti. Sisi hatuandiki, alikuwa akisema, kuandika ni kwa kalamu, na kalamu ina kifutio chake. Sisi tunachonga. Wapo waliocheka na wapo waliochukia wakaenda kwingine, naye hakumfuata hata mmoja. Sasa maneno yote yamekimbia, na lililobaki nyuma ndilo hilo alilolifukuza maisha yake yote.

Nyumbani kila mtu alilipokea neno hilo kwa namna yake. Shangazi, dada wa Mzee Patasi, aliyekuwa amehamia kwao tangu mama yao akina Vumbi alipofariki, hakuona hata gumu lilipo. Mtu anasema andika, basi andika meza, mgonjwa ana njaa. Akatandika kitambaa, akapanga sahani, kijiko na bilauri ya maji, akampakulia. Mzee akala akamaliza. Shangazi akamtazama Vumbi kwa ushindi, kama aliyefumbua fumbo lililowashinda wasomi. Alipokuwa akimfuta mgonjwa midomo, mgonjwa akasema tena, polepole, "Andika."

Shangazi akafikiri kidogo, kisha akasema labda anamaanisha chakula cha jioni.

Jumamosi akaja kaka mkubwa, karani, mtu wa mafaili na mihuri. Alimsikiliza baba yake mara mbili tatu, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyeelewa. Alimvuta Vumbi pembeni akamwambia kwamba mzee anataka kuandikisha kiwanja cha karakana wakati akili bado anayo, na kwamba ni wajibu wao kama watoto kumsaidia. Ilionekana hakuja mikono mitupu, maana fomu zilikuwa tayari kwapani. Akazitandaza juu ya meza, akamwonyesha baba pa kuweka kidole. Mkono wa kushoto wa Mzee Patasi ukanyanyuka, ukapita juu ya fomu, ukagonga kikombe. Chai yote ikamwagikia mihuri.

Kaka mkubwa alipangusa karatasi zake akisema ni ugonjwa huo, mkono hauna breki. Vumbi alikuwa ameuona mkono ukienda, na mpaka kaka anaaga hakuweza kuamua kama ule ulikuwa mkono wa mgonjwa au mkono wa baba yake.

Yeye naye alijaribu lake. Alimwekea baba karatasi na penseli. Mzee alivuta mstari mmoja uliopinda kama njia ya konokono, akaiachia penseli ikaviringika mpaka sakafuni, akamtazama binti yake kwa mshangao, kama vile anayeumwa ni yeye Vumbi. Kisha Vumbi akafikiria jiwe la mwalimu. Pengine baba anaumia kuacha kazi nusu. Akaenda karakana, iliyopakana ukuta na chumba cha mgonjwa, akachukua patasi ndogo, akaanza kumalizia jina. Kugonga mara ya tatu tu, sauti ikatoka chumbani: "Andika! Andika!"

Akasimama. Je, anamwambia endelea, au anamwambia weka chini hicho si chako? Alisikiliza, kimya. Akagonga tena, sauti ikaja tena, kwa haraka ile ile. Asubuhi nzima ikapita hivyo, yeye akigonga na kunyamaza, na baba akipiga kelele na kunyamaza, mpaka Shangazi akatoka jikoni kuuliza kama watu wa nyumba hii wamerogwa. Jina la mwalimu lilikamilika siku hiyo, lakini herufi tatu za mwisho Vumbi alizichonga kama anayeiba.

Ni jioni, akiwa anakusanya vipande vya mawe kwa ufagio, alipomkumbuka dada.

Dada yake alikuwa mtoto wa kwanza wa kike katika nyumba ile. Miaka sita nyuma alijifungua binti, na yule binti akaishi siku tisa. Mwezi mmoja baada ya mazishi, dada alikuja karakana akasimama mlangoni bila kuingia. Mzee Patasi alikuwa amempa mgongo, vipande vya jiwe vinaruka, masikio yamejaa kelele za nyundo.

"Baba," dada akasema, "niandikie jiwe la mwanangu."

"Hatuandiki," Mzee akajibu bila kugeuka. "Tunachonga."

Dada akageuka, akaondoka. Haikupita hata wiki mbili, yeye na mumewe wakahamia mji wa mbali. Salamu alimtumia Shangazi peke yake. Mzee hakuwahi kumuulizia mbele za watu, ingawa tangu siku hiyo kipande cha jiwe la kijivu, chembamba, kilikaa kwenye kona ya karakana na hakuna mteja aliyeuziwa. Vumbi alikuwepo siku ile, msasa mkononi. Aliona yote, wala hakufungua mdomo, si kwa baba wala kwa dada.

Sasa ufagio ukamsimama mkononi. Neno lile ni la dada! Baba amebaki na neno la dada! Aliacha vipande sakafuni, akaingia ndani, akamwandikia dada barua kwa kalamu, kwa kuwa simu zake dada alikuwa hapokei. Barua ilikuwa fupi. Baba amepooza, alisema, na katika maneno yote amebakiwa na lile lako la siku ile. Anakuita, njoo. Kesho yake akaipeleka stendi, akamkabidhi kondakta wa basi aliyekuwa akimjua shemeji yake.

Siku nne baadaye alikuja mtaalamu kutoka hospitali, yule anayewafundisha kusema watu waliopatwa na kiharusi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye begi la picha. Alimwonyesha Mzee picha ya kikombe. Andika. Picha ya paka. Andika. Mtu anayeoga, mvua, kiatu: andika, andika, andika. Alipomaliza alimwita Vumbi barazani akamweleza kwa upole kwamba hali hii anaijua. Ubongo ukiumia upande ule, wapo wanaobaki na neno moja, na kila wanachotaka kusema hutoka kwa neno hilo hilo. Mtu anataka kuomba maji, anayafikiri maji, na kinachotoka ni kingine.

"Kwa hiyo halina maana yoyote?" Vumbi akauliza.

"Maana anayo kichwani. Ila usiitafute kwenye neno."

"Mbona limebaki hilo?"

"Hapo hatujui. Nina mgonjwa mmoja amebaki na Jumanne. Mwingine na tusi, na alikuwa mtu wa ibada." Akafunga begi lake. "Msikilizeni sauti yake, mtazameni macho. Na mumpe muda."

Vumbi alibaki barazani. Amemwambia dada yake kwamba baba anamwita, kumbe baba pengine alikuwa anaomba mto. Alipiga simu ya dada, haikupokelewa. Akapiga ya shemeji. Shemeji akamwambia kwa furaha kwamba barua ilifika, mwenzake alilia usiku kucha, na tangu alfajiri yuko kwenye basi.

Dada aliingia alasiri, amenenepa kidogo, nywele zimeanza mvi mapema kama za baba. Shangazi alimkumbatia akamshika mkono mpaka chumbani. Vumbi akafuata nyuma kama mshtakiwa.

Mzee Patasi alimtazama mgeni wake. Mdomo wa chini ukamcheza. "Andika," alisema kwa sauti ya chini, kisha akageuzia uso ukutani na hakugeuka tena.

Dada alitoka uani, akaketi juu ya jiwe ambalo bado halijakatwa. Vumbi akaja akasimama mbele yake.

"Aliniita," dada akasema, "au uliniita wewe?"

Vumbi angeweza kudanganya, na mtu mwingine angemshauri adanganye. Lakini alikuwa amechoka kunyamaza mbele ya dada huyu. Akamweleza yote, chai iliyomwagika, meza ya Shangazi, picha ya paka, Jumanne. Akamwambia kwamba baba alisema andika tu, na yaliyobaki kwenye barua aliyajaza mwenyewe.

Dada akauliza, "Siku ile, alijua kuwa ni mimi niliyesimama mlangoni?"

"Sijui. Alikuwa amekupa mgongo."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Hukusema kitu."

"Sikusema, dada. Nisamehe."

Vumbi alidhani dada atachukua mkoba wake aende stendi, na angeenda, asingemlaumu. Badala yake dada akacheka kicheko kifupi, kikavu. Njia nzima, alisema, alikuwa akipanga maneno ya kumwambia baba, na ya kumjibu baba akisema hivi, na akisema vile. Sasa hata jibu lake halitaeleweka. Akajipangusa vumbi la jiwe kwenye gauni, akainuka, akarudi chumbani. Vumbi alibaki mlangoni.

"Baba," dada akasema, "niandikie jiwe la mwanangu."

Mzee Patasi akageuka kutoka ukutani, taratibu, kichwa kwanza na mwili baadaye. Machozi yalikuwa yakimtoka jicho moja. Lakini mtaalamu alikuwa amesema pia kwamba wagonjwa hawa hulia ovyo.

"Andika," akasema.

Ilikuwa ndiyo? Ilikuwa kumrudia tu maneno yake, kama ukuta unavyorudisha sauti? Vumbi hakujua, na alipomtazama dada aliona naye hajui. Dada alivuta kiti akaketi, akaushika ule mkono uliolala.

Kesho yake walimtoa Mzee kwa kiti wakamweka karakana, shuka magotini. Vumbi akalitoa jiwe la kijivu kwenye kona, akalisugua, akachora mistari. Alipouliza achonge nini, dada akamtajia jina ambalo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kulisikia, la herufi nne. Walikuwa wamempa mtoto siku ya saba, yeye na mumewe, kimyakimya. Vumbi akachukua patasi. Kila alipogonga, baba alisema neno lake, na safari hii hakusimama. Alipomaliza wakalisogeza jiwe mpaka magotini kwa Mzee. Kidole chake cha kushoto kikapita ndani ya herufi ya kwanza, ya pili, kikafika ya tatu kikasita. Akaigonga kwa kucha mara mbili. Vumbi akainama akatazama, na kweli, chini yake palikuwa na kina kifupi. Akapachimba upya. Mzee akapapitia tena, akauacha mkono ukae hapo.

Jioni kaka mkubwa alipiga simu kuuliza kama wameshajua mzee alikuwa akitaka nini.

"Bado," Vumbi akasema.

Chumbani baba alikuwa ameanza tena, kwa sauti ya kulalamika kidogo. Shangazi alishikilia kwamba ni chai. Dada alisema hapana, atakuwa anataka dirisha lifunguliwe, tazama anavyohema. Walibishana kidogo, kisha wakajaribu dirisha kwanza.