Bia ya Wapatanishi

Tangu kulipopambazuka Makvala alikuwa jikoni, na unga ulikuwa umemganda kwenye kucha. Nyumba yake ndiyo ya mwisho kijijini. Baada ya mizabibu yake kuna uwanja wa nyasi, baada ya uwanja kuna senyenge, na nyuma ya senyenge liko kaburi la baba mkwe wake. Vita vilipokwisha, mpaka ulikuwa mbali na hapo. Kisha askari wa ng'ambo wakawa wanausogeza kidogo kidogo, kama mtu anayevuta shuka la mwenzake usiku, hadi asubuhi moja makaburi yakaamkia nchi nyingine.

Pasaka iliyopita mumewe, Jumber, alipenya chini ya senyenge na mayai mekundu mfukoni, kumsalimia baba yake kama kila Mjojia afanyavyo siku hiyo. Wakamkamata palepale kaburini, yai mkononi. Mpaka leo, zabibu zimeshavunwa, bado yuko kizuizini kwa Waosetia, wale wa ng'ambo ya senyenge.

Leo pande mbili zilikuwa zikutane kwenye hema lililopigwa uwanjani, baada ya kimya kirefu. Karatasi ilikuwa tayari. Wakishatia sahihi, Jumber anavuka. Ndiyo maana Makvala alipoombwa apike hakuuliza lolote. Alichinja bata mzinga wake wa pekee. Akafukua mtungi wa divai uliozikwa ardhini, ile aliyoikamua Jumber mwenyewe, akaijaza kwenye chupa. Na kwa ajili ya wageni wa ng'ambo akaoka mikate mitatu ya jibini, kama alivyofundishwa na mama yake, aliyekuwa Mosetia.

"Mama mkwe wako akiiona hiyo mikate kwenye meko yake, atafufuka afe tena," alisema jirani yake Tsiala, akimenya vitunguu.

"Na afe. Mimi namtaka mwanawe."

Mlango ukasukumwa. Aliingia Tengiz, mkuu wa ujumbe kutoka mji mkuu, mtu wa kitambi na viatu vinavyong'aa. Bila kuketi alinyofoa paja la bata kwa vidole.

"Dada Makvala, Mungu aibariki mikono yako! Sasa sikiliza, Akhsar atakuja na ile bia yao nyeusi. Usishtuke. Sisi kikombe cha bia tunamnyanyulia adui tu, kumtakia mabaya, lakini kwao ni sala. Nimekua nao hawa, nawajua."

"Na mume wangu, bwana?"

"Leo analala kitandani kwake." Akamkonyeza. "Mwoshe vizuri tu, atakuwa ananuka jela."

Tsiala alicheka. Makvala alicheka pia, kwa kuwa alitaka kumwamini.

Saa ya chakula ilipofika, gari jeupe lilikuwa limesimama kwenye lango la senyenge. Kwenye kiti cha nyuma alikaa mtu mwenye kofia ya sufu ya kijivu. Makvala aliifuma ile kofia mwenyewe. Alibeba mikate kuingia hemani.

Akhsar, mkuu wa upande wa pili, alikuwa ameshasimama, jagi la bia mkono mmoja na kikombe mkono wa pili. Makvala akatulia ili sala ipite kwanza. Kwa wajomba zake, bia ile mtu huvua kofia, akamtaja Mungu, ndipo ikanywewa.

Akhsar hakuvua kofia. Hakumtaja Mungu. Alimwelekezea Tengiz kikombe, akatabasamu. "Kwa majirani zetu Wajojia!"

Tengiz akainuka kwa kishindo hata kiti kikaanguka.

"Bia? Unatunyanyulia bia sisi? Kwenye ardhi iliyolaza wafu wetu?"

"Hiki ni kinywaji chetu kitakatifu, bwana! Umetukana taifa zima!"

Makabrasha yakafungwa. Waangalizi wa Ulaya walimwuliza mkalimani bia imekosa nini. Mkalimani akapandisha mabega. Watu wakamiminika nje kwenye kamera, kila upande ukieleza heshima yake ilivyovunjwa.

Makvala aliweka mikate mezani akawafuata wakubwa wawili, Tengiz na Akhsar, nyuma ya hema. Alikuwa na nia ya kupiga magoti awaombe. Alikuwa bado hajazunguka kona alipozisikia sauti zao, wakizungumza Kirusi, lugha waliyosomeshwa wote utotoni, na Makvala pia.

"Umecheza vizuri," Akhsar alikuwa akisema. "Kiti hicho! Nilidhani utanirushia."

"Ningerudi na sahihi wangenila mzimamzima. Uchaguzi uko mlangoni, ndugu yangu."

"Mimi je? Wakubwa wangu wa kaskazini wangeniuliza nani kanituma nipatane."

"Na yule wa mayai?"

"Anakula bure, ananenepa. Mwache, atatufaa kwa mkutano mwingine."

Wakacheka, wakawashiana sigara. Kule langoni gari jeupe liliwaka, likarudi nyuma, likageuka. Kiganja kilionekana kimebandikwa kwenye kioo, kisha vumbi.

Aliporudi hemani aliwakuta wamemtangulia, na wapiga picha nyuma yao. Tengiz alikuwa ameuchana mkate wa juu, jibini linamchuruzika kidevuni.

"Dada, chakula kisiharibike. Tufungie tule njiani. Na ile divai pia, ni ya kiume kwelikweli."

Makvala hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Hata kanisani alijificha nyuma ya nguzo. Sasa alilichukua lile jagi, akajimiminia bia kikombe tele, akasimama mahali pa mwenye meza.

"Bwana Akhsar," alisema, "mama yangu alinifundisha hii inaanza kwa Mungu. Wewe ulimruka. Kwa hiyo leo hii si sala. Ni bia tu."

Akhsar akaacha kutabasamu.

"Basi nami nainyanyua. Kwako, bwana Akhsar. Na kwako, bwana Tengiz." Akainua kikombe. "Nainyanyua Kijojia."

Tengiz aliacha kutafuna. "Wewe mwanamke, usitudhalilishe. Tumekula kwako."

"Najua mmekula."

Mwangalizi mmoja akamwinamia mkalimani. "Anasema nini?"

"Anawatakia afya njema," alijibu mkalimani.

Makvala aliinywa yote mpaka tone la mwisho. Kisha akanyakua chupa za divai mezani, zilizofunguliwa na zisizofunguliwa, akazikumbatia na kuondoka nazo uwanjani, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Alizimimina tena mtungini, akafunika, akarudishia udongo na kuukanyaga kwa miguu yote miwili.

Tsiala alimkuta ameinama kando ya mizabibu, anatapika.

"Walikupa nini, mwenzangu? Bia yao imechacha?"

"Hapana," Makvala alisema, akijifuta mdomo. "Ilikuwa nzuri. Kuna mama wa watu huko ng'ambo kaipika kwa moyo wote."