Suruali za Farasi za Fundi Paskalina

Umma wa Dar es Salaam, wenye farasi na wasio na farasi, unataarifiwa kwa heshima kubwa kwamba leo Jumamosi, hapa Gerezani, imezaliwa Kampuni ya Mavazi ya Wapanda Farasi, ambayo itawavika wapandaji wa nchi nzima na kurudisha baraka zake kwa jamii kwa kuwashonea watoto sare za shule bila malipo.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa fremu ya fundi Paskalina, nyuma ya gereji za vipuri. Kampuni yenyewe ilikuwa na cherehani moja, pasi ya mkaa na oda moja ya suruali kumi na mbili. Oda hiyo ilikuwa ya uongo, na hakuna aliyelijua hilo zaidi ya mwandishi wa tangazo, Theophil, kijana wa miaka kumi na saba aliyekuwa likizo kutoka seminari ya bweni huko Songea.

Paskalina alikuwa shangazi yake. Wiki nzima alimkalisha juu ya ndoo achambue vifungo, huku akimwambia kwamba wamemfundisha Kilatini lakini hawajamfundisha kushika sindano. Ijumaa, Theophil akajibu mapigo kisomi. Aliandika barua kutoka Chama cha Wapanda Farasi, Kigamboni, akaipiga mhuri aliouchonga kwenye kiazi, akaipitisha chini ya mlango. Chama kiliomba suruali nyembamba miguuni, pana mapajani, zenye viraka vya ngozi ndani ya magoti na makalioni. Alichora na mfano, kutoka kwenye kitabu cha maktaba ya shule. Alipanga kwamba shangazi ashtuke, yeye acheke, akimbizwe na rula ya mbao, kisha wale ugali. Mpango haukuwa na kasoro, isipokuwa hii moja: shangazi aliamini.

Aliamini kimyakimya hadi alfajiri ya Jumamosi, jumuiya ilipokusanyika nyumbani kwake kusali. Theophil alikuwa bado anatafuta mswaki aliposikia sauti ya shangazi ukumbini.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Ndugu zangu, miaka kumi na tisa nashona kaptula. Jana Mungu kaniletea farasi. Naweka nadhiri mbele yenu: kila suruali moja ya farasi nitakayouza, nitamshonea mtoto mmoja sare, Mkristo au Mwislamu, apate cha kuvaa shule zikifunguliwa."

Kabla wimbo wa kufunga sala haujaisha, Mama Benedikta, katibu wa jumuiya, alikuwa ameshaandika majina kumi na mawili kwenye daftari. Jambo likishaingia kwenye daftari la Mama Benedikta, hata paroko hathubutu kulifuta.

Bado Theophil angeweza kusema. Alijiahidi atasema baada ya chai. Baada ya chai shangazi akamwagiza aandike tangazo la mlangoni, akaenda Kariakoo kununua kitambaa, akarudi nacho kichwani akiimba. Akajiahidi atasema mchana. Mchana mkasi ulikuwa umeshapita, na mtoto wa kwanza, Violeth, binti wa darasa la tatu, alikuwa amesimama mbele ya cherehani kupimwa. Alisimama wima kama askari wa gwaride, amebana pumzi, akiogopa kwamba akipumua vipimo vitakosewa na sare ataikosa. Sketi aliyovaa ilikuwa imeshonwa mara nyingi hadi haikujulikana uzi ni upi na kitambaa ni kipi. Theophil akameza maneno yake pamoja na kifungo kimoja alichokuwa amekiweka mdomoni.

Suruali zilipokamilika aliombwa azipeleke Kigamboni, kwa kuwa yeye ndiye msomi. Akazibeba kwenye mfuko wa salfeti na kuelekea kinyume kabisa, Mtaa wa Kongo, kwa Nurdin. Nurdin alikuwa winga. Hakuwa na duka wala bidhaa, ila hakuna kitu kilichouzwa mtaani pale bila mdomo wake.

"Mambo, Nurdin."

"Poa, padri mtarajiwa. Unanunua au unazurura?"

"Nauza. Suruali za kupandia farasi."

Nurdin alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Kariakoo hii? Mwanangu, hapa hata punda alihama kwa kukosa pa kupita."

Theophil akamweleza yote: barua, kiazi, nadhiri, daftari. Nurdin alicheka hadi akaegemea meza ya muuza soksi, akafukuzwa. Halafu akachomoa suruali moja, akaivuta huku na huku, akagonga kiraka cha makalioni.

"Hiki nani kakibuni?"

"Wazungu wa farasi."

"Hawa Wazungu washawahi kuendesha boda. Muulize bodaboda yeyote suruali yake inafia wapi. Inafia hapa kwenye siti, na hapa gotini inapoungua na injini. Twende Mnazi Mmoja."

Pale kijiweni, dereva wa kwanza aliinua suruali juu, akaichungulia mapajani.

"Humu si naficha abiria mzima?"

"Ficha koti la mvua," Nurdin akamjibu. "Abiria mzima utamficha wapi, na wewe hata helmeti yake huna?"

Wenzake wakamcheka, naye akanunua ili wanyamaze. Theophil hakuweza kujizuia. Akatangaza kwa sauti ya misa kuu kwamba vazi hilo limeidhinishwa na Chama cha Wapanda Farasi, na mwenye kulivaa anahesabiwa kuwa mwanachama wa heshima. Hadi Jumatano hakukuwa na suruali iliyobaki, na kijiwe kizima kilikuwa kikitembea kwa kutanua miguu.

Fedha zote alimkabidhi shangazi, pamoja na salamu za mwenyekiti.

"Mwenyekiti mwenyewe mtu wa namna gani?" shangazi aliuliza.

"Mzee mfupi, Shangazi. Matege. Ndiyo mambo ya farasi."

"Masikini. Nimpelekee mafuta ya kuchua."

Sare zilishonwa. Jumamosi iliyofuata watoto kumi na wawili walijipanga ukumbini mbele ya jumuiya, mashati meupe hadi yanaumiza macho. Violeth sasa alikuwa anapumua. Theophil alikuwa anaanza kujipongeza kimoyomoyo shangazi aliposimama.

"Theo, baba, simama utupe salamu za wenye farasi. Wana farasi wangapi?"

"Saba, Shangazi."

"Majina yao?"

"Radi," alisema Theophil kwa utulivu wa shemasi. "Sultani. Kimbunga. Na... Jumanne."

"Jumanne?"

"Alizaliwa siku hiyo."

Shangazi akatikisa kichwa polepole. "Juzi nilikodi bodaboda inipeleke Magogoni, nivuke nikawashukuru. Kijana wa watu kavaa mshono wangu. Namuuliza, ananiambia yeye ni mwanachama wa heshima. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu haikufika hata kwenye pantoni."

Ukumbi ukajaa vikohozi vya kuficha vicheko. Shangazi akachomoa kwenye Biblia yake barua mpya, iliyoingia chini ya mlango usiku uliopita: chama kiliomba suruali arobaini zaidi.

"Na hii?"

Theophil alitazama sakafu. Sauti ya misa kuu ilikuwa imemtoroka.

"Nimeandika mimi, Shangazi. Na ile ya kwanza pia. Nilitaka tucheke tu, wewe ukaweka nadhiri kabla sijapiga mswaki. Nikaogopa ukijua, utaona aibu mbele ya watu hawa, na watoto watakosa. Chama hakipo. Mwenyekiti hayupo. Farasi hayupo hata mmoja." Mama Benedikta alikuwa tayari amefungua ukurasa mpya wa daftari. "Lakini hizo arobaini zinatakiwa kweli. Ni bodaboda wa Gerezani na Mnazi Mmoja, wananisumbua kila siku. Nilishindwa tu kuja kukwambia kwa mdomo wangu."

"Mama Benedikta, andika watoto arobaini," shangazi akasema, "na huyu msomi arudi kwenye ndoo ya vifungo."